Shanta la Tinkara

Njoo jikoni kwanza, Tinkara. Baiskeli haina miguu,
itakungoja.
Najua umelala ukiuota mteremko wa Peca,
mizizi inayoteleza kama sabuni,
ile kona juu ya nyumba ya kina Vrhnjak.
Lakini kabla ya mteremko kuna mgongo,
na mgongo ujue unabeba nini.

Maji chini kabisa, yakae kiunoni.
Yakikaa mabegani yatakusukuma kisogo kila kona
kama mtu mwenye haraka kwenye foleni ya benki.
Lita mbili. Usiniambie kuna chemchemi;
Agosti chemchemi ni majina tu kwenye ramani.

Mpira wa ndani, mmoja, ndani ya soksi kuukuu,
usije ukatobolewa na spana kabla ya mwiba.
Pampu. Hiyo tepu nyeusi niliyoizungushia si pambo:
iliwahi kushika soli ya kiatu cha Ožbalt
kutoka kileleni hadi mlangoni kwa mama yake.
Noti ya euro kumi, wala si ya soda.
Tairi likichanika ubavu, ikunje mara mbili,
ipachike kwenye jeraha kwa ndani, ujaze upepo taratibu.
Ukirudi nayo nzima, basi, ni ya soda.

Kiungo cha mnyororo, kidogo kama jino la utotoni.
Sikio la gia, hili la alumini:
limeundwa livunjike
ili kitu cha thamani kisivunjike.
(Kila ukoo una mtu wa namna hiyo.
Kwetu alikuwa babu yako, kule mgodini.)

Kibano cha kupe. Unacheka. Cheka.
Mimi nilicheka hadi Septemba,
kisha nikalala wiki tatu hospitali ya Slovenj Gradec
nikiuliza leo ni siku gani.

Filimbi, kwa sababu sauti huchoka kabla ya mtu.
Bandeji ya pembe tatu: mtulinga ukivunjika
hulia kama kijiti kikavu,
na msitu mzima hunyamaza kusikiliza.
Jaketi. Taa. Mkate na jibini.

"Shangazi, mimi ni mpanda baiskeli au hamali?"

Keti.
Mwaka ule theluji ilipoanguka Mei
nilitoka mikono mitupu. Nusu saa tu, nilijiambia,
njia yenyewe iko nyuma ya nyumba.
Mnyororo ulikatika karibu na mpaka wa Austria.
Kilomita kumi na moja nilisukuma chuma,
viatu vyangu vikigonga lami, ko, ko, ko,
kama mbuzi aliyevalishwa viatu vya harusi.
Wanaume watatu walinipita.
Wote watatu walisema pole.
Hakuna aliyekuwa na kiungo.

Wasemao mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi
hawajawahi kuketi kwenye gogo, baridi ikipanda,
wakiomba apite mtu mmoja tu
aliyelemewa.

Saa mbili umetoa taa. Umetoa jaketi.
Umetoa mkate nusu, ukaula umesimama.
Nimeona. Nimeendelea kusugua sufuria.

Jioni umerudi na tope hadi kwenye nyusi,
goti limechunika, unanuka misonobari na breki zilizoungua.
Umetundika shanta msumarini bila neno,
ukaenda kuoga.

Nimelifungua.
Noti ipo. Kibano kipo.
Soksi ni tupu.
Nimetoka uani nikazibonyeza tairi zako, moja moja:
ngumu kama mawe, na tope la njiani
limekauka pale tairi linapokutana na rimu,
halijavunjwa na kidole cha mtu.

Sikukuuliza ni nani alikuwa ameketi kwenye gogo.
Nimechukua mpira mwingine kabatini,
nimeuvisha soksi,
na jaketi nimelirudisha, chini kidogo,
mahali ambapo kesho hutaangalia.