Dakika ya Kumi na Tatu

Yakutsk, Januari. Nje ya dirisha la maabara
kipimajoto cha zebaki kimekufa tangu Jumanne:
zebaki imeganda tumboni mwake,
ushanga wa fedha usiojua tena kusema hasi ngapi.
Madarasa ya chini yamefungwa. Darasa la nane, hapana.
Darasa la nane lina jaribio.

Barafu imetoka Mto Lena, kwa shoka la mjomba wa Tuyara,
ile ile wanayoipanga uani kama matofali
na kuiyeyusha pipani kwa chai ya msimu mzima.
Ameileta shuleni katika mfuko wa plastiki.
Njia nzima haikutoa jasho.

Mwalimu Aksinya anaifunga kwenye taulo, anaiponda kwa nyundo,
anagawa: gramu mia kwa kila bika.
"Washeni taa za spiriti. Korogeni. Andikeni kila dakika,
mlichokiona, si mlichokitaka."

Mwanzo: hasi kumi na moja.
Ya kwanza: hasi sita.
Ya pili: hasi mbili.
Ya tatu: sifuri.
Mstari unapanda vizuri kwenye karatasi,
penseli imeshazoea mlima.

Ya nne: sifuri.
Ya tano: sifuri.
Nyurgun anagonga kioo kwa ukucha. Ya sita: sifuri.
"Na hiki kimekufa, kama ndugu yake wa dirishani.
Andika moja, mbili, tatu, twende tukale."
Lakini mwali wa samawati unalamba kitako cha bika,
spiriti inapungua, waya umemuunguza Tuyara kidole.
Basi moto unakwenda wapi?

Ya saba: sifuri.

Nyumbani kuna mtu tangu Novemba.
Amerudi kutoka migodini baada ya miaka mitatu; wanamwita baba.
Anakaa kando ya jiko, koti mwilini.
Mama humpa supu ya samaki, humfunika magoti,
humuuliza habari za mguu.
Bibi amemwachia kiti chake, heshima ambayo hakuwahi kumpa mtu.
Yeye hushukuru kwa shingo. Kisha hutazama mlango.
Wiki ya kwanza. Wiki ya tano. Wiki ya tisa.
Jana Tuyara alimwambia mama:
mbona unapoteza kuni?

Ya nane: sifuri.
Mwalimu anasimama nyuma yao, harufu ya chaki na sufu.
Anasoma daftari, ile safu ya mayai.
Hasahihishi.
"Jotoridi ni kinachoonekana," anasema. "Joto ni kilichoingia."
(Neno lenyewe limelaza joto na baridi kitanda kimoja,
na hakuna aliyelalamika.)
"Cheche inaweza kuyeyusha risasi kwa ukali wake,
nayo hufa kiganjani hata hujashtuka.
Pipa la maji vuguvugu halimtishi mtu,
na ndani yake mna joto la cheche milioni."
"Na hii barafu," anauliza Nyurgun, "imelipeleka wapi lake?"
"Inajifungua. Kila chembe imemshika jirani mkono.
Kuiachanisha mikono ni kazi.
Usiidai na tabasamu juu yake."

Ya tisa, yai. Ya kumi, yai.
Ya kumi na moja, kipande kimoja, kidogo kama jino la mtoto,
kinaelea, kinazunguka, kinagonga kioo.
Ya kumi na mbili: sifuri, na hakuna kipande.
Ya kumi na tatu:

nne.

Nyurgun amesahau njaa.

Saa kumi jioni, giza, ukungu wa pumzi hadi nyusi.
Tuyara anapita uani, anabeba kuni mbili
ambazo hakuna aliyemtuma.
Anazisukuma jikoni, anafunga kilango kwa kiwiko.
Baba anazitazama kuni, kisha kile kidole chenye lengelenge.
Koti bado liko mwilini.
Kifungo cha juu kiko wazi.

Tuyara hajui kama jana kilikuwa wazi.
Hakuna aliyeandika.