Mfuko wa Ndani

Joho halina mfuko. Ndivyo nilivyofundishwa,
na ndivyo nilivyomwambia Profesa Aikaruwa Mlay
alipoingia kibandani kwangu Kiboriloni, siku ya soko,
mikungu ya ndizi imejaa hadi kizingitini,
yeye na bunda jekundu kwapani, limezongwa gazeti.

"Fundi Kimambo, kila nguo uliyonishonea ina mfuko."

Kweli. Sare ya darasa la tano, marinda manne,
mfuko wa kalamu ya risasi.
Koti la kwendea ng'ambo, alikorudi na shahada ya udongo
(Moshi nzima ikacheka: udongo nao husomewa?).
Basi nikaweka. Upande wa moyo, kwa ndani,
uzi mwekundu juu ya kitambaa chekundu.

Nikawa nampima kila Novemba, kabla ya mahafali.
Futikamba haina adabu, haijui Makamu Mkuu wa Chuo.
Mwaka wa mgomo wa mikopo, kiuno kilipungua inchi mbili.
Mwaka alipoliambia Baraza kwamba hesabu za bweni jipya zina shimo,
na aliyelichimba akawa shemeji yake,
mabega yalishuka, la kushoto zaidi.
Mwaka alipomzika Elifuraha, mumewe, hakuja.
Alimtuma dereva na joho na neno moja: "Punguza."
Kiasi gani, hakusema. Nilijua.

Redioni walitaja majengo, walitaja wanafunzi elfu tisa,
lami mpaka getini.

Jana amekuja kwa miguu. Dereva sasa ni wa mwingine.
"Mrithi wangu ni mrefu. Shusha pindo.
Na mfuko ule, ufumue."
Nikatia wembe. Ikadondoka karatasi,
mikunjo imelika, imeungwa kwa selotepu:
barua ya kujiuzulu. Sahihi ipo. Tarehe hakuna.
Miaka kumi na mmoja, kila alipopanda jukwaani
kuwatunuku watoto wa watu,
ilikuwa pale, moyo ukiigonga kama mlango.

Sikuuliza. Fundi mdadisi hufa na cherehani yake.
Akaikunja, akaitia kikapuni
pamoja na mbegu za karoti alizonunua sokoni.
Alifika mlangoni, akarudi,
akapapasa pale penye nyuzi zilizokatika.

"Hapana. Urudishie.
Wala usimwambie.
Mkono wake utaujua."