Tundu Ukutani

Habari za vumbi niulizeni mimi, Ghislaine.
Shahada sina. Nina miaka thelathini na moja
ya kulifukuza katika nyumba hii ya Chicoutimi,
nalo linarudi bila hodi.
Mgeni siku ya tatu hupewa jembe;
huyu wangu hajalima hata tuta.

Kifyonzavumbi chetu hakikokotwi.
Nyumba ina matundu matano kutani,
kila tundu na kifuniko chake,
na mashine yenyewe imekaa chini, kando ya tangi la maji moto,
ikinguruma kama mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake.
Unachomeka mpira, unavuta. Basi.
Mita tisa za mpira. Unafika kila mahali.
Nauburuza ngazini, unagonga kila kona;
mlango wa Maxence umebanduka rangi
na siupaki tena.

Jumamosi, saa tatu asubuhi, naanza sebuleni,
nikirudi kinyumenyume
ili zulia libaki na mistari yake,
mwanga, kivuli, mwanga,
kama matuta yaliyopimwa kwa kamba.
Kisha naomba asipite mtu. Nusu saa tu.
Réjean hupita. Hupita na soksi,
akitafuta miwani iliyo juu ya kichwa chake.

Yeye anataka ile ya betri,
ile nyembamba kama ya dada yake Odile,
inayoning'inia jikoni kama mwavuli,
inayofanya kazi dakika kumi na nane kisha inaomba kupumzika.
Kifaa gani hicho, nilimuuliza, kinachochoka kabla yangu?
Odile sasa ana na roboti.
Kaipa jina, anaipisha njia.
Krismasi ilikwama chini ya kabati, ikalialia,
tukaacha uma mezani, watu wazima saba,
tukapiga magoti kwenda kuiokoa.
Sisemi kitu.
Nasema tu kwamba pembeni haifiki,
na vumbi si jinga.

Réjean naye hufyonza, msidhani namsengenya.
Ukumbi wa nyuma ni wake,
pale tunapovulia mabuti, penye chumvi ya barabarani
na kokoto za majira yote ya baridi.
Anapenda zinavyopanda bombani, tarara, tarara.
"Sikia," husema, "hiyo ndiyo kazi."
Mimi napenda kimya kinachofuata.

Maxence, alipokuwa na miaka minne,
aligundua kwamba ukuta una pumzi.
Akaulisha.
Vifungo, karata, kiatu cha mwanasesere,
hereni yangu moja, ambayo nyingine ninayo mpaka leo, mjane.

Pipa tunalimwaga mwezi wa Mei, theluji ikishaisha,
nyuma ya kibanda.
Mwaka huu mgongo wa Réjean ulikataa,
nikalibeba peke yangu, nikalipindua juu ya gazeti.
Likatoka kipande kimoja, laini, la kijivu, mfano wa keki.
Sindano za msonobari wa Krismasi.
Mchanga. Sarafu.
Na manyoya meusi ya Réglisse,
chini, katikati, juu kabisa.
Mbwa tulimzika Novemba.
Hadi Aprili zulia lilikuwa bado linamtoa,
kidogokidogo, kila Jumamosi,
nami nikidhani ninasafisha.

Nikarudi ndani kupitia ukumbi wa nyuma.
Kando ya kipasha joto, pale alipokuwa akilala,
kuna mraba mmoja ambao haujafyonzwa.
Kokoto zimeishia ukingoni mwake, safi kama mpaka wa shamba,
na ndani yake, weusi.

"Pale vipi?" nikamuuliza Réjean.
Hakuinua macho kutoka kwenye kikombe.
"Mpira haufiki."

Alipolala niliuchomeka, mashine ikiwa imezimwa,
nikaunyoosha hadi pale.
Ulifika. Ukabaki mkono mzima.

Asubuhi nilimmiminia kahawa.
"Kweli," nikamwambia, "haufiki."