Hali

Barua iliingia Ijumaa, kwa simu, saa tatu usiku,
nikiwa nakunja maboksi ya donati ghalani:
Hali yako imebadilika.

Kwetu Muheza hali huulizwa mlangoni
kabla viatu havijavuliwa,
nawe hujibu njema, hata kama umelala na njaa,
na aliyeuliza akishaketi ndipo husema kweli.
Hapa Thunder Bay hali haiulizwi.
Hutangazwa. Ina tarehe, ina namba,
ina mahali pa kubonyeza ukitaka kukata rufaa
ndani ya siku kumi za kazi.

Nimeisoma sera mara tatu, kama dawa.
Wa muda kamili ni mwenye kozi nne.
Mwenye tatu ni wa muda pungufu.
Akosaye vipindi vitano bila hati huondolewa.
Nilikuwa na nne. Wameng'oa moja,
Uhasibu wa Gharama, Jumanne saa mbili asubuhi,
na sasa nimepungua mimi mzima,
maana kibali changu cha kuishi nchi hii
humjua wa muda kamili tu.

Vipindi vitano. Acha nivihesabu, mhasibu si mimi?
Viwili ni vya basi namba tatu na theluji,
siku ambazo hata ziwa lilikuwa limelala.
Kimoja ni usingizi, sikatai:
nilitoka zamu alfajiri, nikaketi kuvua soksi,
nikaamka adhuhuri, soksi moja mkononi.
Cha nne homa. Hati ya daktari ni dola thelathini,
ya kuthibitisha kwamba hukuweza kutoka nyumbani
kwenda kuitafuta.

Cha tano nilikuwa chuoni.
Nilikuwa kwenye ngazi, hatua kumi kutoka darasani,
nikimzika mama mdogo.
Shehoza ameinua simu juu ya vichwa vya watu,
picha inakwama: kofia, jeneza, tawi, kofia.
Chini ya mlango inapita sauti ya Bi. Kowalchuk,
gharama zisizobadilika, gharama zinazobadilika,
na udongo ukaanguka bila kishindo
kwa sababu nilizima sauti, nisisumbue.
Mfumo ukaandika: hayupo.

Lugha yangu ina matatu, wala mtoto hayakosei.
Yupo, unamwona. Yuko, huwezi kunyoosha kidole.
Yumo, yu ndani.
Brodie wa kiti cha nyuma hajakosa hata siku,
kofia machoni, mate juu ya daftari.
Yupo. Hayumo. Simlaumu,
usiku huendesha greda la theluji.
Nami siku ile nilikuwako.
Jedwali lao lina kisanduku kimoja.

Jumatatu nikajaza fomu ya rufaa.
Uhusiano na marehemu: mzazi, mwenzi, mtoto, ndugu wa tumbo moja.
Nikatia tiki kwenye mzazi.
Noreen wa dirishani akaniangalia juu ya miwani.
Mama yako? Mama yangu.
Aliyekuzaa?
Kalamu yake ilikuwa imefungwa kwa mnyororo mdogo.
Nikautazama mnyororo.
Aliyeninyoa nywele za kwanza, nikasema,
aliyeuza cherehani nipate nauli ya ndege.
Hakuandika hayo. Wala hakufuta tiki.
Akagonga muhuri: Imepokelewa.
Imepokelewa si imekubaliwa, najua Kiingereza.

Jumanne nikaenda.
Kadi ikatoa taa nyekundu, lakini mlango
ulikuwa umezuiwa na kiti, kwa joto la mabomba.
Bi. Kowalchuk akasoma majina. Langu likarukwa,
kama jino lililong'oka, ulimi ukapita juu yake.
Nikaitika hata hivyo, kwa lugha yangu,
kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia:

Nimo.

Brodie akaamka.