Arobaini Yangu

Fomu ilikuja Goweko ndani ya bahasha ya kaki,
ikagongwa muhuri kwa mtendaji,
ikanifikia na alama ya kidole chenye oili ya pikipiki.
Lambo la shamba, mita kumi na mbili kwa nane,
kina mita mbili.
Serikali sitini, mkulima arobaini.
Lutufyo, bwana shamba, akanisomea mara mbili
kana kwamba namba hupungua zikirudiwa.

Nikamwuliza: arobaini ya nini?
Akasema: ya gharama, mama.
Nikasema: gharama ya maji naijua.
Ni mpunga wa mwaka juzi uliokauka ukiwa na mimba,
ni ndoo ya saa tisa usiku kisimani kwa Mhoja,
tumepanga foleni na ng'ombe,
ni treni ya kwenda Dodoma iliyombeba mwanangu Kasanda
akauze soksi kwenye stendi za watu.
Hiyo iandike upande wangu,
uone kama haijavuka mia.

Alicheka, ila kalamu haikucheka.
Kuna kisanduku cha fedha taslimu,
kuna kisanduku cha mawe na kokoto,
kuna kingine: Nguvu kazi, taja thamani yake kwa shilingi.
Hapo ndipo nilipokaa siku nne.

Nikauza mbuzi jike mwenye baka
na baiskeli ya marehemu, haina mnyororo, kengele nzima.
Aliyeinunua aliipiga ile kengele
mpaka miombo ikammeza.

Nikachimba.
Septemba ardhi yetu inalia kama sufuria tupu.
Sululu ya kwanza ilivunjika mpini, ya pili niliazima,
ya tatu alikuja nayo Nyanzobe bila kuitwa,
akashuka shimoni na mtoto mgongoni.

Sehemu ya serikali ilikuwa turubai jeusi na bomba.
"Lipo njiani," alisema Lutufyo, Oktoba.
"Lipo Tabora mjini," Novemba.
Desemba yeye akawa hapatikani
na mvua ikapatikana.

Usiku mmoja tu shimo likajaa pomoni.
Vyura walihamia bila kusaini popote.
Asubuhi nikachomeka kijiti ukingoni mwa maji.
Kesho yake kijiti kilisimama pakavu,
keshokutwa pakavu zaidi.
Mchanga wetu hautunzi kitu, hata siri.
Wanasema maji yakimwagika hayazoleki;
yangu hayakumwagika,
yalikuwa yanaaga.

Nyanzobe ndiye aliyekumbuka vichuguu.
"Mchwa hajawahi kupewa ruzuku," alisema, "na nyumba yake haivuji."
Tukavunja viwili, vile vikubwa vya upande wa reli,
tukaponda, tukamwaga, tukakanyaga,
wanawake saba, khanga zimekazwa juu ya magoti,
mvua ikituchapa mgongoni, tukigombana
nani anakanyaga kivivu.
Kijiti nikakihamisha.
Kikakaa.

Machi, Lutufyo alifika na gari la halmashauri,
turubai limekunjwa kama godoro la bweni.
Alisimama ukingoni, akaona maji,
akaona bata wa Mhoja juu ya maji,
akafungua fomu, akaifunga.
"Mama Kasanda, humu hamna mahali pa kuandika vichuguu."
Buti zake zilikuwa zimeachama mbele, kidole kinachungulia.
Sikumtukana.
Nilikuwa nimejiandaa kumtukana tangu Novemba,
nimeyapanga maneno kama kuni, makavu, ya kuwaka haraka.

Nikamwongoza nyuma ya mihogo,
pale nilipoanza shimo la pili.
Limenifika kiunoni.
Nikamkabidhi sululu, mpini mpya wa mninga.
Arobaini yangu ile pale, nikamwambia, bata wanaiogelea.
Hapa tuanze na sitini yenu.

Alitazama gari. Dereva alikuwa amelala.
Akavua saa, akaiweka juu ya turubai.