Kona ya Twilumba

Ukitoka stesheni ya Makambako kuelekea Rujewa,
hatua mia nne, mia nne na kitu,
reli inajikunja kidogo, kama mtu
aliyeona nyoka njiani akaamua kutosema.
Hapo ndipo kwa bibi yangu.

Nyumbani inasimuliwa hivi:
mwaka wa vigingi, watu wa kupima
walipita na kamba, na darubini ya miguu mitatu,
wakachomeka kigingi chekundu
katikati ya mianzi yake ya ulanzi.
Bibi Twilumba hakujua kusoma,
lakini hicho alikisoma.
Usiku akaking'oa, akakihamishia
shambani kwa shemeji yake, Mzee Nyagawa,
ambaye jembe la watu aliliazima
na hadi anazikwa hakulirudisha.

Asubuhi Mchina mmoja mwembamba,
koti la pamba limemfika magotini,
akakirudisha kigingi mahali pake.
Usiku Bibi akakihamisha.
Siku tisa.
Siku ya kumi Mchina alikuta, badala ya kigingi,
mbeta ya ulanzi, mdomo umezibwa kwa jani.
Akanywa. Akaketi.
Upepo wa kwetu ukamvua kofia
akaiacha iende.
Ndiyo maana, husema ukoo mzima, reli ikapinda.

Mimi ni mshika bendera. Miaka ishirini na sita
nimesimama na kijani mkono huu, nyekundu huu,
sweta mbili, na bado baridi inapata pa kuingilia.
Mwaka juzi paa la stoo lilivuja.
Tukatoa makaratasi, tukayaanika jukwaani,
jiwe juu ya kila moja.
Na ramani ilikuwamo.
Tarehe yake ni ya kabla ya vigingi.
Kona ilikuwamo, imechorwa kwa wino mweusi,
imepinda kwa ajili ya mwinuko wa kilima,
na kando yake tarakimu, na zile herufi zao
kama vijumba vyenye madirisha.
Hapakuwa na mianzi. Hapakuwa na bibi.

Niliikunja ingali na unyevu.
Stesheni masta, Bwana Mwalongo, aliuliza: kuna la maana?
Nikasema: hesabu za mtaruma.

Kwa sababu kuna mengi ramani haikuyaweka.
Haikuweka sinia la viazi vya kuchemsha
lililoinuliwa hadi dirisha la daraja la tatu,
wala Mjomba Dezideri, aliyeondoka kufuata shaba
na chenji yake mkononi mwa mama yangu,
treni ikianza kusogea, mama akikimbia,
akikimbia polepole kwa makusudi, nadhani.
Barua yake moja tu ilifika.
Ilisalimia kila mtu kwa jina
kisha ikauliza shilingi mbili.

Siku hizi ubao wa ratiba una chaki ya Jumanne.
Ni Jumanne ya lini, usiniulize.
Mbuzi wanajua benchi lipi linapata jua saa nne.
Ila behewa za mizigo bado hupita usiku,
na zikifika pale penye kona
magurudumu hukwaruza chuma, sauti ndefu nyembamba.
Bibi, macho yakiwa yamekwisha,
alikuwa akiinua shingo kutoka kwenye blanketi:
"Kamwene!"
Na kutusuta sisi tuliolala kimya,
kwamba mgeni anasalimu na nyumba haijibu.

Jana mwanangu Onorina, ana miaka saba,
aliniuliza kama ni kweli, ile ya kigingi.
Kinywa changu kilikuwa na jibu la stoo
na jibu la nyumbani, yote mawili, kama mbegu za papai.
Nikamwambia: nenda kapime mwenyewe.

Akatoka na fimbo, akihesabu kwa sauti,
kandambili zikipiga kokoto.
Alirudi giza linaingia, matope hadi gotini,
ananukia ulanzi ambao hakuwa na ruhusa ya kuuonja.
"Baba, umekosea," akasema.
"Ni mia tisa."