Upepo Umo

Mikanda saba ndani ya mfuko wa saruji,
kila mmoja umefungwa kwa uzi wa kushonea viroba.
Bi Mbeleje kaileta toka Mvumi kwa pikipiki,
vumbi limemfikia kwenye kope.
"Ihamishie kwenye flashi," ananiambia,
"mjukuu wangu anasema ni dakika tano."

Dakika tano!
Mama, mkanda hauijui haraka.
Arusi ya dakika mia na themanini
itanidai dakika mia na themanini,
na umeme ukikatika hapa Majengo wakati pilau linapakuliwa
tunarudi mwanzo, bibi arusi anashuka tena garini.

Nafungua deki. Nasafisha kichwa kwa spiriti
na kipande cha ngozi laini, kwa upande, si juu chini.
Bahati yetu ni huu ukame:
mkanda wa Tanga ungekwishaota ukungu mweupe,
huu wa Ugogo umeshikwa na vumbi tu,
na vumbi tumezoeana nalo.

Kisha maswali. Kompyuta haichoki kuuliza.
Upana mia saba na ishirini, kimo mia tano sabini na sita.
Fremu ishirini na tano kwa sekunde, kama zilivyozaliwa.
Mjukuu anataka picha ijaze kioo chote cha runinga mpya.
Nikiivuta, namwambia, bwana arusi atanenepa bila kula,
na babu yako, mrefu vile, atakuwa pipa.
Tuache weusi pembeni. Weusi haudai kitu.

Mbano, je? Faili jembamba linapenya kwenye simu,
lakini nyuso za mbali hugeuka matofali.
Nachagua nene. Diski itajaa, na ijae.
Kupunguza kupo kesho; kuongeza hakupo.

Halafu ile mistari.
Kumbe kila picha ni nusu mbili zilizooana:
mistari ya witiri imetangulia, ya shufwa inafuata,
na kati yao umepita muda usiotosha kupepesa jicho.
Mtu akitulia huoni kitu.
Akicheza, mabega yanaota meno ya kitana,
na arusi ya Kigogo ni mabega.
Sizichanganyi. Nazihifadhi nusu zote mbili,
nitazifumua nakala ikishakuwa salama.

Sauti ndiyo iliyonigombanisha na nafsi.
Septemba ya tisini na tatu,
upepo unaichapa maikrofoni makofi.
"Huo utoe," Bi Mbeleje alikuwa ameagiza.
Nikakata chini ya hezi mia na hamsini.
Upepo ukafa.
Muheme ukafa nao.
Wanawake kumi na wawili wanapiga ngoma
na kinachosikika ni vidole juu ya ndoo ya plastiki.

Alipokuja, nikamvisha visikilizio. Akatazama kioo.
Mama yake, Matika, ni wa tatu toka kushoto,
ngoma katikati ya magoti, mikono yote miwili kazini,
ncha ya khanga kaing'ata kwa meno.
Kimya kile kilimfanya aonekane mwenye hasira,
mtu anayejizuia asiwatukane wakwe.

"Mbona kanuna?"

Sikujibu. Nikashusha kidogo kidogo,
hezi mia, sitini, arobaini, sifuri,
upepo ukaingia chumbani bila kubisha hodi
na ndani yake ngoma, nzito, ya tumboni,
na khanga ikawa inataka kuruka,
na meno yakawa ya mtu aliyekosa mkono wa tatu.

Bi Mbeleje akacheka. Kisha akanyamaza, muda mrefu,
waya wa visikilizio ukimning'inia begani.
"Kumbe," akasema. Hilo tu.

Kwenye bahasha nimeandika kwa wino:
Arusi ya Chilewa, Mvumi. Rangi imefifia kidogo.
Upepo umo.

Imebaki sita.
Huu wa pili hauna jina wala mwaka.
Kijino cha mgongoni kimevunjwa, pasirekodiwe kitu juu yake,
na mkono nisioujua umeandika, kwa mkaa:
USIFUTE.